Saratani ya Nini?

Pancha ilinikuta Kerege, saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma shingo. Wenzangu walinipita mmoja mmoja, fulana zao za pinki zikipepea, kila mmoja akiuliza "Uko poa?" bila kupunguza mwendo. Nikakokota baiskeli mpaka chini ya mwembe alipokaa fundi na beseni lake la maji.

Kijana hakuniuliza kitu. Aliipindua baiskeli magurudumu juu, akapenyeza mipini ya vijiko viwili kati ya tairi na rimu, akavuta tyubu nje kama mtu anayetoa utumbo wa samaki. Akaitia upepo kidogo, akaipitisha kwenye beseni kipande kwa kipande mpaka vipovu vikajitokeza.

"Mwiba," alisema. Akachukua msasa.

Hapo ndipo alipofika yule bwana wa mkaa. Magunia matatu juu ya Phoenix moja, yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na yeye pembeni akiisukuma kwa bega. Aliiegemeza kwenye gongo lenye panda, maana mzigo ule ukilala chini haunyanyuki na mtu mmoja, akaomba pampu. Akanitazama mimi, akaitazama fulana yangu, akawatazama waliokuwa wakipita barabarani.

"Mnashindana?"

"Hapana, kaka. Tunachangia."

"Mnachangia nini?"

"Saratani."

"Saratani ya nini?"

Jibu lilikuwa limeandikwa kifuani kwangu, kwa herufi kubwa. Mimi nikajikuta nasema: "Ya… kina mama."

Alipiga pampu mara tatu, nne. Kisha akasimama, akaweka kiganja upande wa kushoto wa kifua chake mwenyewe, pale penye mfuko wa shati.

"Ya titi?"

"Eee. Hiyo hiyo."

"Mke wangu ana kitu hapa. Kama kokwa ya zambarau. Tangu Ramadhani. Hakimuumi, ndiyo maana hatuna haraka nacho."

Gari la msafara likapiga honi. Fundi akasema tayari, buku. Nikampa elfu mbili, nikamwambia asihangaike na chenji, nikamgeukia yule bwana. "Mpeleke hospitali, kaka."

"Ipi?"

"Yoyote kubwa."

Nikapanda, nikaondoka.

Sasa ni wiki ya saba, na bado namsikia anauliza "Ipi?"

## Kitambi kwanza

Sikujiunga na msafara ule kwa sababu ya saratani. Nilijiunga kwa sababu ya kitambi. Jirani yangu alinunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, akaanguka nayo mara moja, akaniuzia kwa bei ya kutupa. Mwenzangu wa ofisini akaniambia kuna watu wanaendesha hadi Bagamoyo mwezi wa kumi kuchangia wagonjwa, kwa nini tusiingie. Kutoka Mwenge ni kama kilomita 60. Nikasema nikifika huko nikiwa hai, kitambi kitakuwa kimepata somo.

Sharti lilikuwa moja: kila mshiriki achangishe angalau shilingi 300,000.

Mimi ni mhasibu. Barua ya kudai deni naiandika kwa dakika tano, na mdaiwa akiisoma analipa au anabadilisha namba ya simu. Ujumbe huu wa kuomba mchango ulinila jioni nzima, na kilichonishinda hakikuwa kuomba hela. Kilichonishinda ni neno moja la herufi nne.

Kwenye grupu la kazini nililiandika. Ndani ya dakika mbili mtu akauliza kama wanaochangia wanaruhusiwa kukagua. Yakafuata makatuni ya kucheka, kumi na saba, niliyahesabu. La kumi na nane niliweka mimi mwenyewe, nisionekane mgumu.

Kwenye grupu la ukoo niliandika vilevile, nikabadilisha salamu tu. Baba mdogo hakujibu kwenye grupu. Alinipigia.

"Mwanangu, umefanya jambo jema sana, Mungu akubariki. Ila humu ndani tuna wakwe. Ungeandika tu saratani, watu wangeelewa."

"Sawa, baba."

Nikafuta. Nikaandika "ugonjwa huu hatari unaowasumbua mama zetu". Mpaka kesho yake mchana grupu la ukoo peke yake lilikuwa limetuma shilingi 215,000, na elfu hamsini ya Baba mdogo ikiwa ya kwanza. Neno liliondoka, hela ikaja. Wakati ule niliona nimekuwa mjanja.

Nimekaa nikawaza jinsi tunavyolizunguka neno hili. Tunasema kifua. Tunasema ziwa, tukiona ni la heshima zaidi. Tunasema "kule juu", tunasema "mambo ya kina mama". Na ni sisi hawahawa ambao mama akimnyonyesha mtoto ndani ya daladala ya Mbagala, abiria wamebanana kama dagaa, hakuna anayeona ajabu. Konda mwenyewe anamwambia mtu asogeze begi mtoto anyonye vizuri. Likiwa na mtoto ni chakula. Likiota uvimbe linageuka siri ya mwenye nalo, hata mumewe halijui.

Ingawa mume wa Kerege alijua. Kanionyesha hata upande.

## Machungwa ya Muheza

Ilibidi nitoe bati la biskuti.

Ni bati la Shangazi. Alipofariki mwaka 2016, binti yake alinikabidhi kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa makaratasi": kadi za kliniki, risiti, karatasi za rufaa zilizokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Nililiweka juu ya kabati na sikuwahi kulifungua. Niliporudi kutoka Bagamoyo, wiki ya kwanza tu, nikalishusha.

Shangazi alikuwa na shamba la michungwa Muheza. Alikuwa mtu wa sauti, akiwa shambani unamsikia barabarani. Lakini mwaka mzima wa 2015 tulichoambiwa ni kwamba kifua kinamsumbua, na sisi tulio mjini tukatuma hela ya dawa ya kikohozi. Kikohozi! Nilituma mimi.

Kadi ya kwanza kwenye bati ni ya zahanati moja, na imeandikwa jipu. Akapewa amoksilini. Kadi ya pili, wiki tano baadaye, jipu tena, amoksilini tena. Binti yake anasema mara zote mbili hakuna aliyemwomba avue kitenge. Mhudumu alikuwa kijana wa kiume wa umri wa wajukuu zake. Yeye aliona haya kumwonyesha, na kijana aliona haya kuomba. Wakaafikiana jipu.

Nikafanya ninachokijua. Nikachukua kalkuleta. Kutoka tarehe ya kadi ya kwanza mpaka tarehe ya jibu la maabara lililosema ni saratani, ni siku 214.

Baadaye nilipoanza kusoma, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya kabla ya kuvaa fulana, nikakuta kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilizipa nchi malengo matatu kuhusu saratani ya titi. Kati ya wagonjwa 100, angalau 60 wagundulike ikiwa bado hatua ya kwanza au ya pili. Mgonjwa akishafika kwenye huduma, ajue ana nini ndani ya siku 60. Na wanaoanza matibabu, 80 kati ya 100 wayamalize. Asubuhi ya msafara MC alikuwa ametangaza namba za dunia, kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waliambiwa wana saratani hii na watu 670,000 walikufa nayo. Nilipiga makofi kama wengine, sijui hata tulikuwa tunashangilia nini. Namba za spika zilinipita. Hii ya 60 sikuweza kuipita, kwa kuwa nilikuwa na 214 mkononi, kwa mwandiko wa watu watatu tofauti.

Na 214 haihesabu siku alizokaa nacho peke yake, kabla ya kadi ya kwanza. Hizo hazina risiti.

Alipofikishwa kwa daktari hatimaye, ngozi ilikuwa imeshabadilika. Daktari alimweleza kwamba ngozi ya pale imekuwa na vishimovishimo, kama ganda la chungwa, na kwamba hiyo ni dalili inayojulikana. Ndivyo wanavyoifundisha hata vyuoni, kwa mfano wa chungwa. Shangazi, mtu wa Muheza, aliyemenya machungwa tangu hajui kusoma, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "La kijani au lililoiva?" Binti yake anasema daktari alicheka na yeye akacheka. Mimi nimelifikiria swali lile mara nyingi na sijapata pa kucheka.

Tangazo la msiba niliandika mimi. "Amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu."

## Mfano wa hundi

Nirudi kwenye baiskeli, maana kuna jambo lingine lililokuwa linanitekenya hata kabla ya Kerege, na nisipolisema hapa nitakuwa nimechagua ya kusema.

Kiingilio kilikuwa shilingi 50,000, mbali na mchango. Ndani ya kiingilio kulikuwa na fulana, maji, ndizi mbili, namba ya mgongoni, gari la wagonjwa la kutufuata, na spika kubwa zenye MC. Mhasibu hawezi kuona spika kubwa asijiulize zimelipiwa na nani. Nilimuuliza mmoja wa waandaaji, mtu muungwana kabisa, na hakukasirika. Alisema: "Kaka, bila fulana na muziki hamji. Nyinyi wenyewe hamji." Nikanyamaza, maana kwa upande wangu ilikuwa kweli.

Bagamoyo tulipofika ukatolewa mfano wa hundi. Mnaufahamu, ule ubao mkubwa kama mlango wa choo cha shule, watu sita wanaushika na hakuna hata mmoja anayetazama kamera moja. Hela ilikuwa ya kulipia siku mbili za uchunguzi wa bure. Watu walishangilia. Nami nilishangilia, halafu usiku nikaanza hesabu zangu.

Nina rafiki muuguzi, amekaa na wagonjwa wa saratani miaka. Nikampigia, nikamuuliza siku mbili za uchunguzi zinasaidia nini hasa.

Hakunipa jibu nililolitaka, yaani ndiyo au hapana. Alisema mikono ya mtu aliyefundishwa kupapasa ni kitu kikubwa, hasa pale ambapo mashine ya mamogramu, ile ya kupiga picha ya titi, iko mbali, na vivimbe vingi wanavyovikuta wala si saratani. Watu wanarudi nyumbani wamelala usingizi wa kwanza baada ya miezi. Hiyo pekee ina thamani. "Lakini yule wa kumi," alisema, "yule unayemwambia hapa kuna kitu, nenda mbele, yule anahitaji nauli leo, siyo fulana."

Kisha akanipitisha kwenye safari yenyewe, polepole, kama mtu anayesoma mizania. Altrasaundi. Sindano ya kuchukua kinyama. Kinyama kiende maabara, jibu lirudi likisema ni nini, na kama ni saratani, lieleze kama inalishwa na homoni au la, kwa sababu dawa zinategemea hapo. Upasuaji. Dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na si moja wala mbili. Mionzi, kila siku ya kazi, wengine mara 15, wengine mara 25. Na wale ambao yao inalishwa na homoni, kidonge cha tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano au zaidi, siku ambazo haumwi popote na jirani anakuuliza unameza nini.

"Sasa chukua mtu wa Lindi," alisema. Kwa miaka mingi mtu wa Lindi, wa Songea, wa Kigoma, akiambiwa mionzi ameambiwa Dar es Salaam, jengo lile la Wajerumani ufukweni, Ocean Road. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Zinazobaki katika saa 24 anazimalizia wapi? Kwa shemeji? Shemeji ana vyumba viwili na watoto watano. Rafiki yangu anasema amewaona wanaoanza vizuri kabisa, dripu ya kwanza, ya pili, halafu ya tatu hawaji. Ukipiga simu wanasema mavuno. Au wanasema mtoto anaumwa. Nauli hawaitaji.

Sasa mimi simlaumu mwandaaji. Nimeandaa harusi mbili na kipaimara kimoja, najua hela inavyoyeyuka. Ila kama mtu angeniuliza, ningesema mwaka ujao tupande na fulana zetu za zamani, tule ndizi zetu, na kile kiingilio kiende kwenye nauli za watu kwa majina yao, na risiti nitazitunza mimi bure. Sina hakika kama watu 200 wangekuja. Huenda tungekuja 30.

Huenda hata mimi nisingekuja.

## Kina mama ndiyo kiungo gani?

Chakula cha mchana tulikula ufukweni, karibu na soko la samaki. (Lile la kubwaga moyo nitajizuia kulisema, kila anayefika Bagamoyo na kalamu keshalisema.) Nilikaa na kundi la waliochoka kupita wote, mapaja yanatetemeka, na katikati yetu alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa ameungana nasi Bunju kwa baiskeli ya kike ya kizamani, yenye kapu mbele, na amefika kabla yangu. Mkono wake wa kulia ulivalishwa soksi ndefu ya kubana, kutoka kwenye kiganja hadi karibu na bega. Nilidhani ni ya jua.

Nikaanza kusimulia ya Kerege. Naomba mnielewe: nilisimulia kama kichekesho. Nilimwigiza yule bwana na magunia yake, nikajiigiza mimi na kigugumizi changu, "Ya… ya… kina mama." Watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamenya kamba.

"Kina mama ndiyo kiungo gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi nilikatwa titi. La kulia, mwaka 2012. Sikukatwa kina mama."

Mezani pakatulia, ukasikia ndege. Aliendelea kumenya, bila hasira yoyote, kama anayesahihisha daftari. Akaeleza mkono ule: walipoondoa titi waliondoa na tezi za kwapani, maji ya mwili yakakosa njia, mkono ukaanza kuvimba, ndiyo maana ya soksi ile. Ndoo ya maji haibebi. Baiskeli anaendesha, alimradi asiuegemee usukani kwa uzito wote. Akasema pale kliniki alikuwa akikaa foleni na babu mmoja, na kila muuguzi mgeni alimuuliza babu, mgonjwa wako yuko wapi? Mgonjwa ni yeye. Ni wachache, kati ya wagonjwa mia hafiki zaidi ya mmoja, lakini wapo, na huyo mmoja anapata tabu mara mbili kwa sababu ugonjwa wake umeshaitwa wa kina mama.

"Sasa yule bwana," akasema, "yule wa mkaa. Kalitaja mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbele ya fundi?"

"Ndiyo."

"Na kakwambia mke wake ana kivimbe hakiumi tangu Ramadhani."

"Ndiyo."

"Hakiumi," alirudia. Nilivyokuwa mjinga, siku ile niliona kutouma ni habari njema. Sikujua kwamba kwa kawaida saratani ya titi inaanza bila maumivu yoyote, na kwamba neno lile, hakiumi, ndilo linaloua watu wetu, kwa kuwa tumelelewa kwamba kisichouma hakipelekwi hospitali.

"Umemwachia namba?"

Gari la kuturudisha lilikuwa linapakia baiskeli. Nilitazama huko.

"Basi nisogezee chumvi," alisema Mwalimu.

## Siku 46

Kwa nini sikurudi wiki ileile? Nimejiuliza, na majibu ninayo mengi, ndiyo inayonitia shaka.

Simjui jina. Barabara ile ina wauza mkaa wengi. Si kazi yangu, mimi si daktari. Na kama kile kivimbe si kitu, nimewatia watu hofu bure? Na kama nikifika nikakuta turubai limefungwa na viti vya kukodi vimepangwa? Hili la mwisho ndilo la kweli, ingawa halina akili; ni wiki sita tu. Lakini mimi ndiye niliyewahi kutuma dawa ya kikohozi.

Kuna usiku nilijipa moyo kwamba nimeshafanya sehemu yangu. Nilichangisha shilingi 412,000, zaidi ya nilichotakiwa, na nilifika Bagamoyo kwa miguu yangu. Nikafungua simu kuangalia picha. Katika zote nimekunja mikono kifuani, juu ya maandishi. Sikupanga. Picha kumi na moja.

Nikampigia tena muuguzi, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza mapema: mtu wa Kerege anaanzia wapi? Akanijibu kwa sentensi moja na nusu, yaani jibu lilikuwa fupi kiasi kile. Aende hospitali ya wilaya Bagamoyo, aseme waziwazi kwamba ana uvimbe kwenye titi, na asikubali kupewa vidonge vya jipu kabla hajapapaswa. Ikionekana kuna haja, aombe rufaa. Akaongeza kwamba nisimwambie ni saratani, kwa sababu sijui, na vingi si saratani. Nimwambie tu akapimwe, na asisubiri kuumwa.

Jana nilichukua ruhusa kazini. Nikaondoka alfajiri, peke yangu, bila fulana ya pinki. Mvua za vuli zimesogeza mchanga pembeni mwa lami, kuna sehemu nimeshuka nikasukuma. Pale Mpiji malori yananipita kwa upepo unaotaka kunilaza. Nilipita Mapinga sijala kitu. Nilikuwa nikirudia maneno ya kumwambia, kwa sauti, kama mtoto anayekwenda kutumwa dukani.

Kerege mwembe ni uleule, ila mwezi wa kumi embe zilikuwa ngumu kama mawe na sasa zinadondoka zenyewe, nzi wamejaa. Fundi alikuwa na gurudumu la bodaboda mapajani. Alinitambua, au alitambua baiskeli.

"Pancha tena?"

"Hapana. Namtafuta yule bwana wa mkaa. Yule wa magunia matatu, siku ile ya msafara."

"Wako wengi, mkubwa."

"Aliyeazima pampu. Mkewe…" Nikasita. "Mkewe anaumwa."

Fundi aliendelea kukaza nati. "Yule alikuulizia."

"Aliniulizia mimi?"

"Wiki ile ya pili. Alisema yule mwenye fulana kasema hospitali kubwa, hajasema ipi. Akaniuliza mimi. Mimi nitajua wapi?"

Niliketi kwenye tairi la gari alilolifanya kiti cha wateja.

Siku hizi anapita Ijumaa tu, fundi alisema. Simu yake iliibwa. Anakaa ndani huko, mbali na lami, fundi hajawahi kufika. Kwa hiyo nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika nilivyoelekezwa, hospitali, la kusema, la kutokubali, na chini yake namba yangu na kwamba nauli ya siku hiyo nitatuma mimi, apige kwa simu yoyote. Nikampa.

Aliisoma kwa sauti, kidole cheusi kikifuata mstari. Alipofika katikati akakwama, akasogeza karatasi karibu na macho.

"Uvimbe kwenye… hili neno gani, mkubwa? Kili?"

Nikaangalia. Mwandiko wangu unajulikana ofisini kwa usafi. Mstari mzima ulikuwa unasomeka isipokuwa hapo. Herufi nne zimebanana kwenye kona ya karatasi kama zinataka kujificha.

"Titi," nikasema.

"Aa. Basi andika upya, yule bwana hasomi vizuri. Andika kubwa."

Akanipa kipande cha boksi la tyubu na ile makapeni anayoandikia bei. Niliandika kubwa. Akakiangalia, akakubali, akakitia ndani ya kopo la solusheni, upande usio na mafuta, akafunika.

Nikamwomba anijazie upepo. Matairi yalikuwa yamejaa, aliyaminya yote mawili na kidole gumba akanitazama, lakini akajaza hivyohivyo, nikamlipa.

Naandika haya Alhamisi usiku. Simu iko mezani, chaji asilimia 80.